Kaeni mwandike pamoja, kusomeana kutafuata

Ninahariri miswada ya riwaya na hadithi fupi, na pembeni ninasimamia vikao vya kuandika hapa Dar es Salaam, vingine vya ana kwa ana, vingine vya mtandaoni. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu msuko wala wahusika. Ni hili: "Nifanyeje nimalize?" Anayeuliza mara nyingi ana sura tatu nzuri zilizolala kwenye simu tangu mwaka juzi. Kipaji anacho, hadithi anayo. Asiye naye ni mtu wa kugundua kwamba jana hakuandika.

Ripoti ya ofisini ikichelewa, bosi atapiga simu. Mchango wa harusi ukichelewa, mweka hazina atakuandama mpaka uzime data. Riwaya isipoandikwa, dunia inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na kweli hakuna kilichotokea. Ndiyo maana mtu anayewahi kazini kila asubuhi anaweza kuwa mtoro sugu mbele ya mswada wake mwenyewe, wala si mvivu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alilipima jambo hili kwa wahadhiri wa chuo kikuu waliokuwa wakihangaika kuandika. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1989 aliwagawa makundi matatu. La kwanza liliendelea na mazoea yake ya kusubiri nafasi kubwa ipatikane. La pili liliandika kidogo kila siku na kuweka kumbukumbu ya kilichoandikwa. La tatu lilifanya kama la pili, ila lilipaswa pia kumwonyesha mtu kumbukumbu hizo mara kwa mara. Mwaka ulipokwisha, kundi la kwanza lilikuwa na wastani wa kurasa 17, la pili 64, la tatu 157. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba namba hizo zitamfaa kila mwandishi. Lakini tazama pengo la la pili na la tatu. Ratiba ni ile ile, kalamu ni ile ile. Kilichoongezeka ni jicho la mtu.

Sasa, jicho linatazama nini? Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Watu watano wanakubaliana kukutana, na jambo la kwanza wanalofanya ni kusomeana. Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili, mmoja anaambiwa mhusika wake hana uhai. Ya tatu hatokei, ametuma ujumbe kwamba ana mgeni. Aliyebaki naye anaanza kuandika sura ya kwanza upya ili iwe safi kabla ya kuisoma, kisha upya tena. Mimi ni mhariri, ukosoaji ndio unaonipa ugali, na bado nasema: rasimu ya kwanza haitaki msomaji. Inataka shahidi. Shahidi anajua ulikaa, ulianza saa ngapi na ulitoka na nini. Hajui kama ni nzuri, na kwa wakati huo haimhusu.

Sidharau kusomeana. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake cha Uganda kilichozaliwa Kampala katikati ya miaka ya 1990, kimejijengea jina kwa kikao chake cha Jumatatu, ambapo wanachama husoma kazi zao na kuzijadili. Monica Arac de Nyeko, mshindi wa Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika ya mwaka 2007, ni mmoja wa waliokulia kwenye chama hicho. Kinachonivutia pale zaidi ya ukosoaji ni hiyo Jumatatu yenyewe. Siku haihamishwihamishwi kila wiki kwa kura ya WhatsApp. Lakini kusomeana ni kikao kingine, chenye siku yake na watu wake, na anayekwenda huko aende na kitu kilichokwisha kusimama.

Kikao chetu cha kuandika kinakwenda hivi. Tunafika, simu zinaingia kapuni (wanaoandikia kwenye simu wanazima data, na ni wengi, msiwacheke). Kabla ya kuanza kila mmoja anasema sentensi moja: leo ninaandika nini. Hapa mimi ni mkali. "Naendelea na riwaya" siipokei. "Naandika pale mjomba anapofika na hati ya shamba," hiyo naipokea, kwa sababu baada ya saa moja tutajua mjomba kafika au hajafika. Kisha dakika 25 za kimya, tano za kunyoosha mgongo, 25 nyingine. Mtindo huo wa dakika 25 uliasisiwa na Mwitalia Francesco Cirillo alipokuwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Hauna uchawi wowote. Ni muda mfupi kiasi kwamba hata mwenye mtoto mchanga anaweza kuuomba nyumbani akapewa.

Mwisho kila mtu anasema alichotoka nacho. Hasomi, anasema tu.

"Dada, mjomba amefika?"

"Aya mbili, kaka. Bado yuko mlangoni, anavua viatu."

"Basi Alhamisi mwingize ndani."

Tunacheka, tunaandika daftarini, tunaondoka. Alhamisi nitamuuliza habari za mjomba, na yeye anajua nitamuuliza. Kazi yote ya uwajibikaji imo katika kujua huko. Wapo wanaoandika Jumatano usiku kwa sababu tu hawataki kuja na mjomba yule yule mlangoni. Sioni ubaya.

Sentensi iwe ndogo kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio kuhusu watu wanaotangaza nia inayogusa sifa wanayotaka kuwa nayo, kwa mfano kuwa mwanasheria mzuri. Nia ikishajulikana kwa wengine, watu hao walijituma kidogo kuliko wale ambao nia yao haikutazamwa na mtu. Maelezo yao ni kwamba kule kutambuliwa tu kunampa mtu ladha ya kuwa amekwisha fika. Nawaona hao kila mwezi. Anayetangaza mtandaoni kwamba anaandika riwaya kubwa ya Kiswahili anapata mioyo na hongera, anaitwa mwandishi kwenye maoni, na riwaya inaishia hapo. Kutaja tukio la mjomba na hati ya shamba hakumpi mtu hongera yoyote. Kunampa deni dogo tu.

Kwa kuwa nimetaja deni, kuna hili la faini. Kila kikundi kipya lazima atokee mtu wa kupendekeza kwamba asiyefika alipe buku mbili za soda. Inaonekana busara. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao. Vituo sita vikaweka faini ndogo. Uchelewaji ukaongezeka, na hata faini ilipoondolewa haukurudi ulipokuwa. Mzazi aliyekuwa akimwonea haya mlezi sasa alikuwa ananunua huduma. Buku mbili zinafanya vivyo hivyo: mtu anatuma pesa, anapata usingizi wake, na haya inaisha. Wenye uzoefu wa upatu watanielewa. Kinachomfanya mtu atoe hela yake siku inayotakiwa ni kwamba kijumbe, yule anayekusanya, na wenzake wote wanamfahamu, na zamu ya kupokea itafika. Kwa hiyo sisi pia tuna kijumbe, anabadilishwa kila mwezi, na kazi yake ni moja. Asiyetokea bila taarifa anapigiwa simu jioni ile ile. Hatukanwi, hahojiwi. "Tulikukosa leo, kila kitu salama?" Ukipigiwa simu hiyo mara mbili, ya tatu unakuja mwenyewe, au unasema ukweli kwamba umeacha, na hilo nalo ni jibu.

Lengo la idadi ya maneno nalitumia kwa tahadhari. Wengi wamelichukua kutoka NaNoWriMo, ule mchezo wa kuandika riwaya kwa mwezi ulioanzishwa na Chris Baty na marafiki zake, jumla watu 21, eneo la San Francisco mwaka 1999, ukakua hadi kuwa taasisi iliyotangaza kufungwa mwaka 2025. Lengo lilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30, yaani kama 1,667 kwa siku. Anayeandika Kiswahili akibeba namba hiyo kama ilivyo anajitwisha mzigo kupita kiasi, maana "hawajaniambia" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta, ilhali Kiingereza kingelipa manne au matano. Wanaopenda namba nawapa maneno 300 kwa kikao. Wengine nawaachia tukio, na kwa kweli hao ndio wanaomaliza zaidi, kwa sababu tukio lina mwisho.

Watu wangapi? Watatu hadi sita. Wawili wanatosha kuanza, ila mmoja akiugua kikao kimekufa. Wakizidi sita, utoro haumuumi mtu, kila mmoja anadhani wengine watakuwepo. Na si lazima muandike aina moja. Kwetu kuna wa riwaya, wa tasnifu, na mzee mmoja anayeandika historia ya ukoo wake kwa mkono, kwenye daftari la kaunta. Huyo hajakosa kikao.

Vya mtandaoni vina shida yake, nayo ni saa. Nina watu Muscat, ambao wako saa moja mbele yetu, Goma ambao wako saa moja nyuma, na mmoja Minneapolis ambaye kwake bado ni asubuhi sisi tukimaliza chakula cha jioni. Tukisema "saa tatu" bila kutaja usiku, na bila kusema ni ya wapi, nusu hawafiki. Tunaandika: saa tatu usiku, Dar. Kamera zinafunguliwa dakika mbili za mwanzo kwa salamu na ile sentensi moja, kisha zinafungwa ili bando lisiishe. Maikrofoni ya mmoja tu tunaiacha wazi, ya yule wa daftari la kaunta, kwa sababu wenzake waliomba. Wanasema wakisikia karatasi ikigeuzwa wanaona aibu kuacha.