Flati traki: "flati" hapo si ulaini wa kiwanja

Nimelisikia tena juzi, na safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu sana. Nilituma nyumbani Tanga video ya dakika mbili niliyopiga Springfield, Illinois, kwenye mbio za pikipiki. Mjomba akaitazama, akanirudishia ujumbe wa sauti: "Mpwa wangu, hongera, hiyo motokrosi nimeiona. Lakini mbona kiwanja kibovu hivyo, vijana wa watu wanateleza kila kona?" Haikupita wiki, shemeji yangu hapa Indianapolis akawaeleza wageni sebuleni kwamba mimi na rafiki yangu tulikwenda mpaka jimbo la pili kuangalia "mbio za flati, zile za barabara laini isiyo na milima." Mmoja kaona udongo akasema motokrosi, mwingine kasikia flati akawaza lami. Wote wawili nawapenda, na wote wawili wamenifanya nikae chini niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Flati traki ni mbio za pikipiki kwenye kiwanja cha udongo chenye umbo la yai, waendeshaji wakizunguka kinyume na mwendo wa saa, yaani kona zote ni za kushoto, na kona hizo hazikuinuliwa upande wa nje. Breki ya mbele haipo. Mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma. Anayetangulia kumaliza mizunguko ndiye mshindi. Kilichobaki ni neno flati, na hapo ndipo penye kazi.

Sisi flati tumeshaizoea kwenye viatu vya kina mama visivyo na kisigino, na ndiyo maana mtu akilisikia anaufikiria uso wa kitu: umelala, umenyooka, hauna mabonde. Wengine wanatafsiri haraka wanasema "mbio za uwanja tambarare". Tambarare naijua, nimeiendesha siku hiyo hiyo. Tulitoka Indianapolis alfajiri, tukaishika barabara kuu namba 74 hadi Champaign, kisha namba 72 kupitia Decatur, kama kilomita 340 zote kwa pamoja, na njia nzima ni mahindi na soya kulia na kushoto hadi macho yanapoishia. Upepo wa ubavuni unakusukuma saa nzima kwa sababu hakuna kilima cha kuuzuia. Hiyo ndiyo nchi tambarare. Lakini neno la kwenye jina la mbio hizi halizungumzii nchi, wala halizungumzii ulaini. Linazungumzia mwinamo wa kona, au tuseme kukosekana kwake.

Ili uelewe kwa nini jambo hilo lilihitaji jina, rudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910, Playa del Rey karibu na Los Angeles, kilifunguliwa kiwanja cha mbio kilichojengwa kwa mbao. Baada ya hapo vikajengwa vingine katika miji mingi ya Marekani. Viliitwa motadromu. Vile vya pikipiki vilikuwa vidogo, na kona zake zilisimamishwa sana, vingine hadi kufikia nyuzi 60, karibu ukuta. Pikipiki za wakati ule zilikimbia juu ya mbao hizo bila breki, na mwendeshaji hakulazimika kupunguza mwendo kwenye kona kwa sababu mbao zenyewe zilimshika. Kadiri alivyokwenda kasi ndivyo ukuta ulivyozidi kumbeba. Watazamaji walisimama juu, kwenye ukingo, wakichungulia chini. Tarehe 8 Septemba 1912, mjini Newark, New Jersey, pikipiki ya Eddie Hasha ilipanda hadi kwenye ukingo huo. Alikufa yeye, akafa mwendeshaji mwingine, wakafa na watazamaji kadhaa. Magazeti yakaanza kuviita viwanja hivyo majina ya mauaji. Mbao nazo zilioza, matengenezo yakawa ghali, na kufikia miaka ya 1930 mambo ya motadromu yalikuwa yamekwisha.

Miaka yote hiyo kulikuwa na viwanja vya aina nyingine kabisa. Karibu kila jimbo lilikuwa na uwanja wa maonyesho ya kilimo, na ndani yake duara la udongo lililotengenezwa kwa ajili ya farasi wanaovuta vigari. Farasi hahitaji ukuta wa nyuzi 60. Waendesha pikipiki waliingia humo wakakuta kona zimelala chini. Ukiviweka viwanja hivyo viwili kando kwa kando, neno flati linajieleza lenyewe: hiki kona zake zimesimama, hiki kona zake zimelala. Nikubali pia kwamba baadhi ya viwanja vya farasi vina mwinamo kidogo kwenye kona. Lakini ni mwinamo mdogo mno kuibeba pikipiki inayokwenda kasi.

Na hapa ndipo mjomba alipokosea, kwa sababu lile aliloliona ni ubovu wa kiwanja ndio ufundi wenyewe wa mchezo. Kama kona haikubebi, na chini ni udongo, na wewe unakuja zaidi ya kilomita 200 kwa saa kama wanavyokuja Springfield, utageukaje? Breki ya mbele ukiwa nayo ukaishika, tairi la mbele linakimbia na wewe uko chini. Dereva yeyote wa bodaboda aliyewahi kuingia kona ya changarawe na kushika breki ya mbele hahitaji kuelezwa hilo. Hata breki ya nyuma, kwa miongo mingi sheria za Marekani hazikuiruhusu kwenye viwanja hivi, ikaja kuruhusiwa mwaka 1969. Kwa hiyo mwendeshaji anaachia mafuta, anailaza pikipiki kushoto, na tairi la nyuma linatoka nje kuelekea uzioni. Pikipiki inakwenda ubavu. Ule ubavu ndio unaopunguza mwendo, na ule ubavu ndio unaogeuza. Wakati huo usukani umeelekezwa kulia ilhali kona ni ya kushoto, jambo linalowachanganya wanaotazama kwa mara ya kwanza. Kisha anayavuta mafuta tena, kwa kipimo, na sasa ni tairi la nyuma linaloamua pikipiki ielekee wapi.

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa na ni vizuri tuyatumie yote mawili. Kuteleza ni jambo linalompata mtu: umekanyaga ganda la ndizi, umeteleza. Kuserereka ni kwenda kwa kuteremka au kuburura juu ya kitu, kama watoto wanavyoserereka juu ya kuti la mnazi kwenye kilima cha mchanga, wakicheka, wakitaka. Wale vijana wa kwenye video hawakuwa wanateleza. Walikuwa wanazisereresha pikipiki zao, mzunguko baada ya mzunguko, mahali pale pale, wakiwa wamebanana kiasi kwamba goti la mmoja linakaribia tairi la mwenzake.

Kiatu cha chuma nilikishika mwenyewe. Kwenye mbio hizi unaweza kutembea katikati ya mahema ya mafundi kabla ya mashindano, na fundi mmoja aliponiona nimeinama kukitazama akaniambia nikichukue. Ni bamba lililokunjwa kufuata umbo la soli ya buti, limeziba vidole mbele, lina mkanda wa kufungia kisiginoni. Kizito kuliko nilivyodhani. Chini yake palikuwa pamechomelewa madini magumu zaidi ya chuma chenyewe ili kisilike upesi, na hata hivyo upande wa nje ulikuwa umekwisha liwa kwa mshazari na kung'aa kama jembe lililolimia msimu mzima. Mwendeshaji akitembea nacho juu ya saruji unamsikia kabla hujamwona. Watu hudhani ule mguu ndio unaoizuia pikipiki isianguke. Hauwezi kubeba uzito huo kwa kasi hiyo. Unagusa tu ardhi, unapita juu yake, na kupitia huo mwendeshaji anajua udongo ukoje na yeye amelala kiasi gani.

Udongo nao ni elimu. Waendeshaji wanataja aina mbili za uso wa kiwanja. Ya kwanza ni ile yenye tabaka la juu lililolegea, nao huiita kwa neno lao la takia, kwa sababu tairi linazama kidogo na kurusha udongo nyuma kama maji. Ya pili ni udongo wa mfinyanzi uliomwagiwa maji, ukashindiliwa, hadi ukawa mgumu. Juu yake matairi yanaacha mpira wao kwenye mstari mmoja, na mstari ule unazidi kuwa mweusi wenye kung'aa hadi jua likiupiga unaonekana una rangi ya bluu. Huo wanauita mfuo wa bluu. Mwenye kukaa ndani ya mfuo anashika kama yuko kwenye lami, na anayetoka nje yake kwa upana wa kiganja anaserereka hadi uzioni. Shemeji angekuwepo mchana ule, akaliona gari la maji linavyozunguka na kurudi, na wazee wa kiwanja wakiinama kuubonyeza udongo kwa kidole gumba, asingelisema tena neno lami.

Kuna kosa jingine dogo ambalo nalisikia hata kwa wanaoupenda mchezo huu. Mbio tulizokwenda kuziona zinaitwa Springfield Mile, na mtu akisikia maili anadhani wanakimbia maili moja, yaani kilomita 1.6, kisha mchezo umekwisha. Maili ni urefu wa mzunguko mmoja. Kwa miaka mingi fainali ya Springfield ilikuwa mizunguko 25. Viwanja vya mchezo huu hupangwa kwa ukubwa wa duara: Maili, Nusu Maili, na shoti traki ambayo ni ndogo zaidi. Duara la Springfield liko ndani ya uwanja wa maonyesho wa jimbo la Illinois, na pikipiki zimekuwa zikishindana pale tangu 1937. Kuanzia 1946 hadi 1953, aliyeshinda Springfield ndiye aliyekuwa bingwa wa taifa na kubeba namba 1 mwaka mzima. Mbio moja, siku moja. Mwaka 1954 ukaja utaratibu wa kujumlisha pointi za mbio nyingi, na bingwa wa kwanza wa utaratibu huo akawa Joe Leonard.

Aina ya nne ndiyo inayoniumiza kichwa ninapoieleza, maana inavunja nusu ya maana niliyoitoa hapo juu. Inaitwa TT. Kiwanja cha TT kina angalau kona moja ya kulia na mruko mmoja, na breki ya mbele inaruhusiwa, na bado inahesabiwa ndani ya familia ya flati traki. Herufi hizo zimetoka mbali. Mwaka 1907, kwenye Kisiwa cha Man katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland, yalianzishwa mashindano ya pikipiki za kusafiria, za aina ile mtu wa kawaida angeweza kununua, na tuzo yake ikaitwa Kombe la Watalii. TT ni kifupisho cha jina hilo kwa Kiingereza, Tourist Trophy. Kule kisiwani hadi leo TT ni mbio za barabarani, kati ya nyumba na kuta za mawe. Wamarekani walizichukua herufi wakazipeleka kwenye udongo, kwenye viwanja kama cha Peoria, jimbo hilo hilo la Illinois. Kwa hiyo ukimsikia Mwingereza na Mmarekani wanazungumza juu ya TT, kila mmoja ana picha yake kichwani, na hakuna aliyekosea.

Motokrosi sasa. Ile ni njia ya vilima, matuta na miruko, kona za kulia na kushoto, pikipiki yenye springi ndefu na breki zote mbili. Wakenya na Waganda wanaijua vizuri, wanaishindania kila mwaka. Udongo ndio kitu pekee inachoshirikiana na flati traki. Spidiwei ndiyo ndugu wa karibu: duara fupi, kona za kushoto, waendeshaji wanne, mizunguko minne, injini ya silinda moja yenye ujazo wa sisi (cc) 500 inayokunywa methanoli, aina ya spiriti, hakuna breki hata moja. Wapolandi wanaipenda kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga. Anayeziita flati traki "spidiwei" simsahihishi kwa haraka, yuko karibu.

Mtu akiniuliza kama ufundi huu una faida nje ya udongo, humtajia Kenny Roberts wa California. Alikuwa bingwa wa Marekani 1973 na 1974. Mwaka 1975, hapa hapa Indianapolis, kwenye duara la maili moja la uwanja wa maonyesho, alipanda Yamaha yenye injini ya silinda nne iliyotengenezwa kwa ajili ya lami, yenye nguvu kuliko udongo ule ulivyoweza kushika, akatoka nyuma na kuwapita waendeshaji wawili wa Harley-Davidson kwenye mstari wa mwisho. Kisha akaenda Ulaya na kuuchukua ubingwa wa dunia wa sisi 500 mara tatu mfululizo, 1978, 1979 na 1980, kwenye lami, akiongoza kwa tairi la nyuma kama alivyozoea kwenye udongo wa nyumbani.

Mjomba, shikamoo. Ile video itazame tena, sekunde ya arobaini hivi, yule mwenye fulana nyekundu. Si motokrosi, ni flati traki, na kiwanja kile kilimwagiwa maji na kushindiliwa tangu asubuhi. Mtazame mguu wa kushoto. Hakuwa anaanguka, alikuwa anakata kona.