Mji wa Kale wa Lamu: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Mji wa Kale wa Lamu ulijengwa na Waarabu, nao wenyeji wakaurithi ukiwa umekwisha kusimama. Ushahidi wa ardhini unakataa. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa jirani cha Pate, umeonyesha msikiti uliojengwa upya mara kwa mara mahali pale pale tangu karne ya 8, kwanza kwa miti na udongo, baadaye kwa mawe ya matumbawe. Maana yake ni kwamba ufundi wa mawe ulikua hapa hapa, mikononi mwa watu wa pwani. Bahari ya Hindi ilileta mengi, wala hakuna haja ya kuyakana, lakini nyumba ya Lamu, yenye daka (kibaraza cha kuingilia) mlangoni, misana (kumbi ndefu) inayofuatana, na chumba cha ndani kilichopambwa kwa zidaka (vishubaka vya ukutani) za chokaa, ni nyumba ya Waswahili. Hata upana wa vyumba umeamuliwa na mikoko ya visiwa hivi: boriti haziwezi kubeba dari pana, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba.

Ngome nayo hudhaniwa kuwa ya Wareno, pengine kwa kuchanganywa na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Ngome ya Lamu ni changa zaidi. Ilijengwa baada ya watu wa Amu (yaani Lamu) kuyashinda majeshi ya Pate na ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, katika Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman, ikakamilika mwaka 1821. Ilikuwa gereza hadi mwaka 1984.

Wengine huamini kwamba UNESCO, ilipouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, iliugeuza kuwa makumbusho. La hasha: uliingizwa pia kwa kuwa watu bado wanaishi, wanasoma na kusherehekea Maulidi humo.

Dhana inayoleta hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba saruji ni bora kuliko chokaa. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu na kuutoa. Chokaa huuacha upite, ilhali saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya na plasta ikabanduka pamoja na jiwe lenyewe. Mwenye nyumba hupaka saruji kwa nia njema, akidhani anaiokoa.