Gereji hawajui 91B ni nini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kikenya, kamaliza miaka yake kwenye jeshi la Marekani, kaniletea CV, juu kabisa kaandika "91B" halafu basi. Nikacheka, maana mimi najua hiyo ni namba ya jeshi ya kazi ya fundi wa magari ya matairi, ila bosi wa gereji ataona kama namba ya nyumba. Hii ndo kazi yangu, kuwapeleka mafundi wa jeshi kwenye gereji za uraiani, na nusu yake ni kutafsiri tu. Ile PMCS ya kila Jumatatu, kukagua na kutunza magari ya jeshi, andika ukaguzi na sevisi. Ulishika LMTV, lile lori la jeshi? Sema injini ya dizeli ya Caterpillar na giaboksi ya Allison, hapo fundi mkuu atakuangalia vizuri maana Allison ziko mpaka kwenye mabasi ya shule.

Kinachowaumiza zaidi lakini ni hela. Jeshini mshahara unaingia tarehe 1 na 15, breki umezifunga saa moja au siku nzima ni ileile. Shorumu nyingi huku wanalipa flati reti, yaani kitabu kikisema hiyo breki ni saa moja na nusu unalipwa saa moja na nusu, ukitumia tatu shauri yako, na magari yasipokuja umekaa bure. Na spana unanunua mwenyewe! Nimeona watu wanakopa tulboksi la maelfu ya dola hata kazi hawajaizoea, deni hilooo.

Ndo maana wengi nawaambia waanzie dizeli, kampuni za malori, mabasi ya jiji, huko mara nyingi unalipwa kwa saa. Cheti cha ASE, cha ufundi wa magari kinachotambulika Marekani, chukua mitihani ya T, ile ya malori, wanataka uzoefu wa miaka 2 na wa jeshini unahesabika.

Kama bado hujatoka, SkillBridge, mpango wa jeshi wa kujiandaa na kazi za uraiani, inakuweka kwenye kampuni miezi yako ya mwisho huku jeshi linakulipa, ila kamanda lazima akubali so muombe mapema. Na GI Bill, ile pesa ya masomo ya waliotumikia jeshi, sio ya chuo tu jamani, ukiwa kwenye mafunzo ya kazini yaliyoidhinishwa unapata posho ya nyumba, miezi 6 ya kwanza unapata posho yote, 6 inayofuata asilimia 80, inashuka hivyohivyo. Spana nunua kipindi hicho.

Yule kijana CV tumeiandika upya, 91B kagoma kuifuta, tumeiweka chini kabisa kwa herufi ndogo.