Gari likizimika majini, usilisukume
Masika Arusha, mito ya Themi na Naura ikifurika hadi barabarani, ushauri huwa uleule: gari likizimika kwenye maji, piga stata mpaka liwake, au lisukumwe uachie klachi. Eti plagi zimelowa tu.

Kwa magari ya zamani yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), mara nyingi ilikuwa kweli. Unafuta kifuniko chake kwa kitambaa kikavu, safari inaendelea. Ushauri ukabaki, magari yakabadilika.

Hatari yenyewe ni maji yaliyovutwa na injini kupitia njia ya hewa. Pistoni hugandamiza hewa, maji hayagandamiziki. Ukipiga stata silinda ikiwa na maji, konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni, inaweza kupinda. Kusukuma na kuachia klachi ni kubaya zaidi, maana hapo uzito wa gari zima ndio unaoilazimisha pistoni kupanda.

Kwa hiyo zima swichi, livutwe hadi pakavu, kisha fungua boksi la ea klina (chujio la hewa ya injini). Chujio likiwa limelowa chapachapa, usiguse tena ufunguo. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Fundi atatoa plagi zote kwanza, azungushe injini taratibu kwa spana, ndipo apige stata kidogo (kaa pembeni, maji hutoka kwa kishindo). Oili na filta yake zibadilishwe kabla ya kuwasha.

Chujio likiwa kavu na oili safi, hapo sasa kagua koili, fyuzi na soketi za nyaya.