Prosesa ikiingia kwenye soketi haimaanishi itawaka

Dhana inayoumiza watu kuliko zote: "soketi ni ileile so itapiga kazi tu." Hapana jamani. Soketi ya Intel ya LGA 775 ilibeba prosesa kuanzia Pentium 4 mpaka Core 2 Quad, lakini mazabodi ya enzi za Pentium 4 mara nyingi haiitambui Core 2 Quad, chipseti (chipu za bodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) haiisapoti, bayosi (programu ya bodi inayowasha mashine) haiijui, na saketi za kuilisha umeme hazikutengenezewa mzigo huo, basi unapachika, feni inazunguka, skrini nyeusi tii, unaanza kulalamika umeuziwa mbovu kumbe prosesa ni nzima kabisa. LGA 1151 nayo hivohivo, prosesa za Intel za kizazi cha 8 za 2017 zinakaa vizuri kwenye bodi za kizazi cha 6 na 7 ila Intel hawakuzisapoti huko. So kabla hujatoa hela soma modeli na rivisheni (toleo la bodi) zilizoandikwa kwenye bodi yenyewe, kacheki listi ya mtengenezaji uone inakubali prosesa gani na kwa bayosi vesheni gani. Na bayosi apdeti ukiwa bado na prosesa ya zamani, tafadhali sana, ukishaitoa umechelewa.

Dhana nyingine: "Ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kuliko spidi ya kiwandani, inaua prosesa." Spidi peke yake sio tatizo, kinachoua ni volteji na joto, maana umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volteji, ukiongeza volteji asilimia 10 tu ulaji unapanda kama asilimia 21 hata kabla hujagusa spidi.

Halafu kuna dhana hii, ati ukiovakloki na mashine ikaanza kustaki (kuganda), prosesa imefika mwisho. Chukua Core 2 Quad Q6600, ni basi (spidi ya msingi inayoendesha prosesa na ramu) ya MHz 266 mara 9 unapata 2.4 GHz, ukipandisha basi hadi 333 unafika 3.0, safi, ila ramu nayo inapanda humohumo, ile iliyokuwa inakimbia 800 sasa inasukumwa 1000 na haiwezi. Shusha uwiano wa ramu (ramu inakimbia mara ngapi ya basi) kwanza ndo uhukumu prosesa!

Na ikigoma kuwaka kabisa baada ya kubadili setingi usidhani imekufa. Chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 dakika chache au tumia jampa (kipini kidogo kwenye bodi) ya kufuta CMOS (kumbukumbu ya setingi za bayosi), bayosi itarudi setingi za kiwandani, kisha anza upya kwa hatua ndogondogo.