Kanzu mezani, viatu mkononi: dhana potofu kuhusu mavazi katika hoteli za kifahari Lamu

Wako watu wanaokataa mwaliko wa chakula cha jioni katika hoteli kubwa ya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, au Manda, kisiwa cha jirani, si kwa kukosa nauli ya boti, bali kwa swali moja: nitavaa nini, na nikikosea nitaambiwa nini mbele za watu? Hofu hiyo ni ya haki. Aibu ya mlangoni haisahauliki upesi, na mtu aliyerudishwa mara moja haji mara ya pili. Lakini sehemu kubwa ya hofu hiyo inatokana na maneno yanayopita mdomo hadi mdomo bila kuchunguzwa.

Dhana: hoteli ya kifahari lazima suti na tai

Sheria ya koti na tai ilizaliwa kwenye miji ya baridi na kumbi zilizofungwa. Hoteli ya Ritz ya London hadi leo huwataka wanaume wavae koti na tai katika ukumbi wake wa chai wa Palm Court, wala hairuhusu jinzi na viatu vya michezo humo. Huko inaeleweka. Lamu, joto la mchana mwezi Machi hupita digrii 30, hewa ina unyevu, na ukumbi wa kulia mara nyingi ni baraza lililo wazi upande wa bahari. Mtu wa tai hapa hula akijipangusa jasho.

Hoteli nyingi za visiwani hugawa siku mara mbili tu. Mchana, kaptula, fulana, au leso juu ya nguo ya kuogelea. Kuanzia magharibi, suruali ndefu nyepesi au kikoi kisafi, shati lenye kola, gauni, au dera la kitambaa kizuri na mtandio wake. Kinachokataliwa jioni karibu kila mahali ni vitatu: nguo ya kuogelea, nguo iliyolowa, na kifua wazi. Ukikuta kwenye mwaliko yale maneno ya Kiingereza "smart casual", yenye maana ya "nadhifu bila urasmi", ndiyo hayo. Nguo iwe imepigwa pasi, haina maji wala mchanga, mabega na magoti yamesitiriwa. Basi.

Dhana: kanzu ni vazi la msikitini, si la hotelini

Hili linauma, kwa sababu linasemwa Lamu kwenyewe, mji ambao Mji Mkongwe wake uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa utamaduni huohuo wa Waswahili. Kanzu nyeupe iliyonyooshwa, kofia iliyodariziwa kwa mkono, makubadhi ya ngozi, na ikiwa shughuli ni kubwa, koti juu yake: hayo ni mavazi rasmi kamili. Ndiyo yanayovaliwa arusini na kwenye Maulidi. Hakuna meza hotelini inayoyazidi.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa misingi kinayoitaja kwa jina ni dini, utamaduni na mavazi. Tena katazo hilo halihusu serikali peke yake, linamhusu pia mtu na mtu mwenzake. Mlinzi anayemwambia mzee wa kanzu au mama wa buibui kwamba "mavazi hayo hayaruhusiwi" anasema jambo zito kuliko anavyodhani.

Tatizo la kweli liko mahali pengine. Hoteli kadhaa za pwani zimewavalisha wahudumu wao kanzu au kikoi na kofia ili wageni waone "mandhari ya Kiswahili". Matokeo yake, mgeni aliyevaa kanzu yake anaitwa kutoka meza ya jirani aletee watu maji. Kosa hilo si la mgeni aliyeita wala la aliyeitwa. Ni la hoteli iliyofanya vazi la heshima la wenyeji kuwa sare bila kuweka alama. Dawa yake ni rahisi: sare iwe ya rangi moja isiyo nyeupe, iwe na kibandiko cha jina kifuani, na mhudumu asivae kofia ya kudarizi akiwa kazini.

Na kwa mwenye kanzu, mambo mawili ya safari ya boti. Pindo likae juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu linaloburuta hulowa chumvi na kuacha mstari wa njano likikauka. Na ndani vaa kikoi, kama wazee walivyovaa siku zote: kanzu nyepesi ikirushiwa maji ya bahari huonyesha kila kilicho chini yake.

Dhana: anza na viatu vizuri

Lamu viatu ni vya mwisho. Ukishuka uwanja wa ndege wa Manda unaingia botini, na ukifika gatini unapanda ngazi. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakipwa, vidato vya chini vinabaki na mwani unaoteleza, na pengine boti haifiki kabisa, unashuka majini hadi kwenye muundi wa mguu. Yakijaa, njia ya ufukweni kutoka mjini hadi Shela, kama kilomita 3, hufunikwa sehemu sehemu. Kisigino chembamba kitazama kwenye mchanga wa vichochoro vya Shela, na mjini kitanasa kwenye nyufa za mawe. Ngozi iliyong'arishwa hupasuka ikikauka na chumvi.

Safiri na ndara zenye soli ya mpira, viatu vya mezani viwe ndani ya mfuko wa kitambaa au kikapu. Usivitie kwenye mfuko wa plastiki: mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Ukifika, omba maji ya kunawa miguu. Hoteli nyingi zina mtungi au bomba mlangoni kwa kazi hiyo, na wengine hula wakiwa miguu mitupu bila mtu kushangaa.

Dhana: vazi la kuogelea la kusitiri linachafua bwawa

Hapa inafaa kwenda polepole, kwani wengi wametolewa majini kwa sababu isiyo ya kweli.

Kinachochosha maji ya bwawa ni jasho, mafuta ya mwilini na mafuta ya kujikinga na jua. Vitu hivyo hula klorini, na klorini ikichanganyika na jasho hutoa ile hewa inayowasha macho, ambayo watu huichukulia kuwa dalili ya dawa nyingi. Mwanamume wa kaptula fupi aliyeruka majini bila kuoga analeta uchafu kuliko mwanamke aliyesitiriwa mwili mzima na akapitia bomba kwanza.

Jambo la kuangalia ni kitambaa, si ukubwa wa nguo. Nailoni au poliesta yenye mvutano haibebi maji mengi, haitoi nyuzi, inakauka upesi. Pamba ni kinyume chake: inakunywa maji inakuwa nzito, inaachia nyuzi zinazoziba chujio, na ikiwa imetiwa rangi, inachuja. Kwa hiyo fulana ya pamba ya mtoto ina kasoro ileile ambayo watu huisingizia nguo ya kusitiri.

Buibui ni jambo jingine. Si vazi la kuogelea, na kulivaa majini ni hatari kwa mvaaji mwenyewe. Upana wake hujaa maji, huzunguka miguu, hunasa kwenye ngazi ya chuma na unaweza kuvutwa na tundu la kunyonya maji. Hoteli ikikataa buibui majini, ina hoja. Ikikataa vazi la nailoni la kusitiri kwa kisingizio cha usafi, haina.

Kabla ya kusafiri, lijaribu vazi lako. Lilaze kwenye beseni la maji safi dakika 10, likamue juu ya kitambaa cheupe. Likiacha rangi, lioshe peke yake kwa maji baridi mara mbili au tatu, kisha jaribu tena. Ukiulizwa kando ya bwawa, jibu liko tayari: ni nailoni, halichuji, na nimeshaoga.

Dhana: pwani ni pwani, vaa utakavyo

Ufuo wa Shela una urefu wa kama kilomita 12, na ukienda mbali utakaa na upepo peke yako. Lakini kurudi lazima upite penye nyumba za watu, watoto wa chuo cha Kurani, wazee barazani, na msikiti. Kanuni ya hotelini huishia kwenye kizingiti chake. Nje ni ya mji, na mji unataka mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamume sawasawa. Mwanamume anayepita kifua wazi saa za sala hukera vilevile, ila yeye haambiwi.

Kikoi kimoja kinatosha, kikifungwa vizuri. Simama miguu ikiwa imeachana kwa kadiri ya mabega. Kipitishe nyuma ya kiuno, ncha zitoke mbele zikiwa sawa. Leta upande wa kulia hadi nyonga ya kushoto, uuvute. Upande wa kushoto uje juu yake hadi nyonga ya kulia. Kunja ukingo wa juu kwa nje mara tatu, ukikaza kila mkunjo, mpaka uwe mnene kama kidole. Usifunge fundo, fundo hulegea. Kuachanisha miguu ndiyo siri yenyewe: ukifunga ukiwa umeibana hutaweza kuvuka ubavu wa boti, na ukijilazimisha, kikoi kitabaki chini. Msimu wa kusi, upepo unapovuma kwa nguvu, ongeza mkunjo wa nne.

Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili, na sababu ni hiyohiyo: kimoja kiunoni, kimoja mabegani. Hoteli zinazowawekea wageni leso chumbani hununua kwa kuangalia rangi ya mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo, zinasahau kusoma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Mgeni asiyejua Kiswahili anapita sokoni na kijembe kimeandikwa mgongoni, wanawake wanacheka, naye hajui. Mwenye duka la hoteli asome kila jina kabla ya kulipia.

Dhana: madoa ni kazi ya dobi

Mashati meupe na mito ya hoteli yana adui wawili. Wa kwanza ni mafuta ya jua yenye avobenzoni. Yakikutana na maji yenye madini ya chuma hutoa doa la rangi ya kutu kwenye kola, na jiki hulizidisha badala ya kuliondoa. Toa mafuta kwanza kwa sabuni ya vyombo, suuza, halafu tia ndimu, acha kidogo, suuza tena kabisa.

Wa pili ni hina na piko mbichi. Hina iliyokauka na kukwanguliwa haina shida, ile ambayo bado ina unyevu ndiyo inayoingia kwenye mto. Bibi arusi na wenzake wapake usiku wa kuamkia shughuli, si mchana wa shughuli. Na wageni wanaopakwa "hina nyeusi" ufukweni wajue kwamba ile ni piko, rangi ya nywele, na inaweza kuunguza ngozi.

Dhana: nguo za madoa ya kijeshi ni mtindo tu

Sivyo Kenya, na sivyo Lamu. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na nguo inayofanana nazo inatosha kukuletea maswali gatini. Iache nyumbani.

Dhana: kanuni ni kanuni, hata ikisemwa mlangoni

Wenyeji wengi wanaamini kanuni za mavazi zimewekwa kuwazuia wao. Pale ambapo mgeni wa mbali anapitishwa na ndara na kaptula ilhali kijana wa Langoni, mtaa wa mjini Lamu, anasimamishwa na suruali, wanaamini sawa. Kanuni halali huandikwa, hutangazwa kabla, na huwashika wote. Ukisimamishwa, usibishane na mlinzi, kwani hakuitunga. Mwite meneja wa zamu, omba uonyeshwe kanuni kwa maandishi, uliza kama inamhusu na yule aliyepita sasa hivi, andika saa na tarehe.

Hoteli nayo iweke kabatini vikoi sita, doti sita za leso na mashati machache ya vipimo tofauti, yaliyofuliwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, kwa hiyo aazimwe mtu pembeni, si mbele ya meza zilizojaa.

Bora zaidi ni simu ya dakika mbili siku moja kabla. Jioni mnataka nini, kwa wanaume na kwa wanawake? Kanzu na buibui vinakubalika mezani? Vazi la kusitiri la nailoni linaingia bwawani? Sakafu ni mchanga au saruji? Na boti ya kurudi ni saa ngapi, maji yakiwa yamejaa au yamepwa?