Je, Wajua Maji Yaliyochemka Ndani ya Volkeno za Kale Yalitoka Wapi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maji ya moto yanayobubujika kandokando ya volkeno hutoka kwenye magma yenyewe, yaani mwamba ulioyeyuka. Moto uko chini, maji nayo yanatoka chini, basi nikaona vyote ni vya ukoo mmoja. Wanajiolojia wengi walikuwa na dhana hiyohiyo, hadi vipimo vya mwanajiokemia Harmon Craig na wenzake, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, vilipoonyesha kwamba uwiano wa haidrojeni nzito na nyepesi katika maji ya maeneo mengi ya jotoardhi unalingana na ule wa mvua ya mahali palepale. Magma hutoa mvuke wake, ndiyo, lakini mara nyingi mchango huo ni mdogo. Sehemu kubwa ni mvua na theluji iliyozama kwenye nyufa, ikapashwa moto, ikapanda tena.

Volkeno ikishazimika kwa mamilioni ya miaka, maji ya kupima hayapo tena, na hapo huulizwa oksijeni ya mwamba. Katika kila atomu 1,000 za oksijeni, takriban 2 ni za isotopu nzito (aina ya atomu ileile yenye uzito zaidi), oksijeni-18. Isotopu hii haina unururifu, yaani haivunjiki yenyewe kadiri muda unavyopita, kwa hiyo haipimi umri. Maji ya mvua, hasa ya nchi za baridi, huwa nayo kidogo kuliko maji ya bahari, na mwamba wa volkeno huwa nayo zaidi.

Chukulia punje ya madini kuwa mkufu wa shanga nyeupe zenye nyeusi chache, nyeusi zikiwa oksijeni-18, uliozamishwa katika mto, yaani maji, unaobeba shanga ambazo nyeusi ni adimu zaidi. Joto likifika nyuzi mia kadhaa, shanga moja huchomoka na nyingine hushika nafasi yake. Idadi haibadiliki, na kwa macho mkufu unaweza kuonekana uleule, ila nyeusi zinapungua. Kwa kuwa mto hauishi kuleta shanga mpya, kiasi cha upungufu hudokeza maji mangapi yalipita, japo ni makadirio ya chini tu, maana maji yaliyokimbia ndani ya ufa bila kugusana vya kutosha na mwamba hayaachi alama.

Mwaka 1971, wanajiolojia H. P. Taylor na R. W. Forester walichapisha vipimo vya miamba ya Skye, Mull na Ardnamurchan, huko Uskoti. Basalti (mwamba mweusi wa volkeno) ya kawaida huzidi maji ya bahari kwa oksijeni-18 kwa karibu sehemu 6 kwa elfu; baadhi ya miamba hiyo ilikuwa nayo kidogo kuliko maji ya bahari yenyewe, kiwango ambacho maji ya bahari yasingeweza kukifikisha.

Je, huenda magma ilizaliwa na upungufu huo? Inawezekana, na mifano ipo. Lakini huko Skaergaard, mashariki mwa Greenland, madini ya feldispa, ambayo uzi wake ni legevu, yamepoteza oksijeni-18 nyingi, ilhali madini mengine, piroksini, yaliyo milimita chache kando yameshikilia sehemu kubwa ya yake. Madini yaliyoganda pamoja kutoka magma moja yasingetofautiana hivyo. Maji yalifika baadaye.

Joto dogo hugeuza mambo: madini ya mfinyanzi yanayoundwa kwenye maji ya baridi huvuta oksijeni-18 zaidi. Mwamba uliochemshwa kisha ukalowa kwenye baridi unaweza kurudi karibu na kiwango chake cha awali, ukaonekana kana kwamba haujawahi kuguswa na maji.